Mikrobe ndani ya mukojo, lakini mutu haumwi: ni ugonjwa ao hapana?



Kila mwaka, wakati finaliste wanaanza kutayarisha karatasi zao za kuingia universite, ulizo moja linarudi kwetu sisi wa seksio Biolojia-Kemia. Mutu amepimwa juu ya masomo ao juu ya kazi. Labo imeandika kwenye karatasi: E. coli, na hesabu ndefu yenye zero mingi. Lakini mutu mwenyewe haumwi. Anakula, analala, anacheza mupira, anakojoa bila kuchomwa. Basi anatoka pale na moyo muzito, anapita ku farmasi ya njiani, ananunua vidonge vya rangi mbili na anavikunywa kwa kujificha. Anajificha juu ya haya. Kwa dada zetu ni mubaya zaidi, kwani neno infeksio katika vinywa vya watu limekuwa sawa na tukano: wakilisikia tu, wanaanza kuhukumu mwenendo wa musichana.

Tunataka kuandika juu ya jambo hili kwa wazi, bila kuficha na bila kutukana. Wanganga wana jina lake: bakteriuria isiyo na dalili. Maana yake ni hii: ndani ya mukojo kuna bakteria mingi, na ni za kweli, hazikuanguka ndani ya chupa kwa bahati mbaya, lakini mwenye mukojo hasikii kitu chochote. Watafutaji wamepima sana wanafunzi wa universite juu ya hili. Wanafunzi ni watu rahisi kupima: ni vijana, ni wengi, wako mahali pamoja, na wengi wao hawana ugonjwa mwingine wa kuchanganya mambo.

Tuanze na ile hesabu, maana ndiyo inatisha watu.

Zamani wanganga walikuwa na shida. Mukojo unapotoka unapita kwenye ngozi, na ngozi ina mikrobe zake. Kwa hiyo karibu kila chupa inayofika ku labo ina mikrobe ndani. Ginsi gani kujua kama zilitoka ndani ya kibofu, ule mufuko unaochunga mukojo, ao kama zilitoka tu kwenye ngozi? Wengine walikuwa wanaingiza mupira mwembamba mupaka ndani ya kibofu ili kuchota mukojo safi. Lakini mupira ule wenyewe uliweza kusukuma mikrobe ndani, na mutu aliyekuja muzima alirudi mugonjwa. Mwaka 1956 munganga mumoja wa Boston, Marekani, jina lake Edward Kass, alitoa jibu ambalo liko kwenye vitabu mupaka leo: tuhesabu. Kama mililita moja ya mukojo uliopokelewa vizuri ina bakteria 100 000 ao zaidi za namna moja, inaelekea zimekaa ndani ya kibofu na kuzaana kule. Kama ni elfu chache tu, mara nyingi ni uchafu wa njiani.

Muangalie vizuri. Hesabu ya 100 000 ni alama ya kuonyesha mikrobe zinatoka wapi. Haisemi kama mutu ni mugonjwa. Tofauti ile watu wengi wameisahau, hata wengine wenye kuvaa bluze nyeupe.

Kass alionyesha tena kwamba kwa mwanamuke chupa moja haitoshi. Chupa ya kwanza ikionyesha 100 000, kuna karibu nafasi 80 kwa 100 kwamba ni kweli. Chupa ya pili, iliyopokelewa siku ingine, ikionyesha bakteria ileile, tunafika karibu 95 kwa 100. Ndiyo sababu kanuni inaomba chupa mbili kwa mwanamuke. Kwa mwanaume moja inatosha.

Sasa tufanye mahesabu kidogo, wale wa Matematika-Fizika watafurahi. Bakteria haizai sawa na sisi, inagawanyika tu: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa ine. Pale penye chakula na joto nzuri, E. coli inaweza kugawanyika kila dakika 20. Tuseme ndani ya chupa yetu zinaenda polepole, mara moja kila nusu saa. Mutu amepokea mukojo wake saa moja ya asubui, na ndani yake kuna bakteria 1 000 tu kwa kila mililita, zote za ngozi. Anatia chupa ndani ya sakosi, anapanda velo, anafika ku hospitali, anakaa kwenye mulongo pamoja na wengine, na jua linapanda. Saa mbili, bakteria ni 4 000. Saa tatu, ni 16 000. Saa ine, ni 64 000. Saa ine na nusu, ni 128 000. Saa tano mutu wa labo anachukua chupa, anapima, anaandika ile hesabu ndefu. Ndani ya mwili wa yule mutu hakuna kitu kilibadilika tangu asubui. "Ugonjwa" wake ulizaliwa ndani ya sakosi.

Kwa hiyo musicheke wakati munganga anaagiza mambo madogo-madogo. Osha mikono. Osha na maji pale mukojo unapotokea. Acha mukojo wa kwanza uanguke chini, pokea ule wa katikati ndani ya chupa safi, funika mara moja. Ule wa asubui ndio unafaa zaidi, kwa kuwa ulikaa usiku muzima. Chupa ifike na ipimwe mbele ya saa mbili kupita. Kama haiwezekani, iwekwe ndani ya frigo, na kule inaweza kungoja mupaka saa 24. Mutu akikuuliza mukojo wako ndani ya chupa ya Fanta ambayo haikuoshwa, ni vizuri kumuuliza kwanza anataka kupima nini.

Sasa, ni nani anaonekana na bakteria hizi bila kuumwa?

Jibu litawashangaza wale wanaopenda kuhukumu. Tangu mwaka 1959, munganga Calvin Kunin alipima wanafunzi wa masomo katika Virginia, Marekani, watoto na vijana sawa na ninyi. Kati ya wasichana 100, alikuta karibu mumoja mwenye bakteria za kweli ndani ya mukojo siku ile ya kupimwa. Wale wa kwanza wanapona, wengine wanapata. Mupaka mwisho wa masomo, karibu wasichana 5 kwa 100 walikuwa wamepita katika hali hiyo. Kati yao kulikuwa hata watoto wadogo. Wavulana walikuwa haba sana, hata mumoja kwa 1 000 hakufika. Kisha, mwaka 1968, Kunin na mwenzake walitoa matokeo ya wamasela wa Katolika, wale masoeur, wakiwalinganisha na wanawake wa kazi. Wamasela walikuwa na bakteria kidogo kuliko wale wengine, lakini hawakukosa kabisa. Basi mwenye kusema kwamba karatasi ya labo inaonyesha mwenendo wa musichana, anasema kitu ambacho karatasi haijui.

Kwa nini wasichana na si wavulana? Ni umbo la mwili. Mikrobe zenyewe, na zaidi E. coli ambayo Mudachi Theodor Escherich aliielezea mwaka 1885, zinakaa ndani ya matumbo ya kila mutu, zako na zangu. Kwa mwanamuke njia ya mukojo ni fupi, karibu sentimetre 4, na mulango wake hauko mbali na njia ya choo kikubwa. Kwa mwanaume njia ni karibu sentimetre 20. Mikrobe inayopanda ina safari tofauti kabisa.

Tukifika ku universite, hesabu inapanda. Kazi inayojulikana zaidi ni ya Seattle, Marekani. Munganga Thomas Hooton na wenzake walifuata wanawake 796, kati ya miaka 18 na 40, wasio na mimba, ambao walikuwa na maisha ya tendo la ndoa. Kundi moja lilikuwa wanafunzi wa universite, kundi la pili wanawake wa muji waliotibiwa na shirika moja la afya. Waliwafuata miezi 6, wakipima mukojo wao mara kwa mara na kuwaomba waandike kila siku kama wanasikia kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2000: kati ya mikojo 100 ya wanafunzi wasioumwa, 5 ilikuwa na bakteria; kwa kundi la pili, 6. Ni kweli kwamba tendo la ndoa linasukuma mikrobe kupanda, na vilevile dawa zile za kuua mbegu ambazo wengine wanatumia kuzuia mimba. Lakini mikrobe inayopanda ni ya mwanamuke mwenyewe, ya matumbo yake. Haikuletwa na mutu mwingine sawa na kaswende. Bibi ya mupastere anaweza kuwa nayo, tena yule wa ndoa mupya zaidi ya wengine.

Ku Afrika pia wanafunzi wamepimwa, zaidi katika universite za Nijeria, na kazi nyingi kule zilitoa hesabu kubwa kupita ya Seattle. Inawezekana kuna sababu za kweli. Lakini zingine zilipima chupa moja tu ya kila mwanafunzi, na ninyi sasa munajua chupa moja inaweza kufanya nini kati ya saa moja na saa tano. Tusichukue hesabu ya nchi ingine na kuipaka juu ya wanafunzi wa Lubumbashi, Bukavu ao Kisangani.

Tunafika kwenye fumbo lenyewe. E. coli inaweza kumulaza mutu kitandani na homa kali. Sasa ginsi gani mikrobe 100 000 kwa kila mililita zinakaa ndani ya kibofu na mwenye kibofu anacheka?

Sehemu ya jibu ilitoka Uswedi. Katika muji wa Göteborg, wasichana wa masomo walipimwa, na mumoja alikuwa na E. coli ndani ya mukojo kwa miaka 3 bila kuumwa hata siku moja. Mikrobe yake ilichungwa, ikapewa namba: 83972. Watafutaji walipoifungua walikuta kwamba imepoteza silaha zake. E. coli yenye kuleta ugonjwa iko na mikono midogo-midogo, nyembamba kuliko unywele, inaitwa fimbria. Kwa mikono ile inashika ukuta wa kibofu ao wa mafigo. Mwili ukisikia umeshikwa, unapiga kelele: damu inajaa pale, maaskari weupe wanakuja, na vita hiyo ndiyo mutu anasikia kama kuchomwa. Ile ya Göteborg ilikuwa na sheria za kutengeneza mikono, lakini sheria zimeharibika. Haishiki kitu. Inaogelea tu ndani ya mukojo, inakula, inazaana, na mwili unaiacha.

Tena kuna jambo ambalo munganga wa zamani angekataa kulisikia. Kule Lund, Uswedi, Catharina Svanborg na wenzake walichukua mikrobe 83972 na kuitia kwa kusudi ndani ya vibofu vya wagonjwa ambao walikuwa wanarudiliwa na infeksio kila wakati. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba mugonjwa akiwa na mugeni huyu mutulivu, infeksio za maumivu zinapunguka. Mugeni amekalia kiti, na mwizi anakosa mahali pa kuikaa. Bado si dawa ya kila siku, musiende kuiomba ku santé, lakini inaonyesha namna vitu viko.

Na zaidi ya hayo, sisi wote tulifundishwa kwamba mukojo wa mutu muzima hauna mikrobe kabisa. Mwaka 2014 watafutaji wa Universite Loyola ya Chicago walionyesha kwamba si hivyo. Walitumia njia ya kulisha mikrobe kwa muda murefu na kwa vyakula vya namna nyingi, na wakakuta bakteria hai ndani ya vibofu vya wanawake wengi, hata wale ambao labo ya kawaida iliandika "hakuna kitu". Mwenye kitabu cha zamani cha biolojia anaweza kuandika maneno hayo pembeni na kalamu.

Sasa dawa. Hapa ndipo watu wetu wanapoteza pesa na afya pamoja.

Mutu atasema: mikrobe ni mikrobe, tuiue mbele ya kuanza ugonjwa. Ni mawazo ya akili, na kazi ya Seattle inaonekana kumupa haki kidogo: kati ya mara 100 ambapo mwanamuke alikutwa na bakteria bila kuumwa, mara 8 aliumwa ndani ya juma lililofuata, asipokuwa na bakteria, ilikuwa mara 1 tu. Ndiyo, hatari inaongezeka. Lakini musome upande wa pili: mara 92 hakuumwa juma lile. Na mara nyingi bakteria zile ziliondoka zenyewe, ni wachache sana waliochunga mikrobe moja kwa muda murefu. Wale 8, wakianza kusikia maumivu, wanatibiwa pale, na dawa za siku chache zinatosha.

Tena kuna kazi ya Italia. Tommaso Cai na wenzake, mwaka 2012, walitoa matokeo ya wanawake vijana 673 waliokuwa wanarudiliwa na infeksio na ambao sasa walikuwa na bakteria bila dalili. Kundi moja lilipewa antibiotiki, kundi lingine liliachwa bila dawa. Waliwafuata mwaka muzima. Waliopewa dawa ndio waliougua sana, kwa mbali kabisa. Inaonekana dawa ilifukuza wageni watulivu, na mahali pao wakaingia wabaya. Hata kwa wanawake wenye ugonjwa wa sukari, ambao watu wengi walizani wanapashwa kutibiwa kila mara, kazi moja ya mwaka 2002 haikuona faida.

Juu ya hayo, kila antibiotiki inayoingia mwilini haiendi ndani ya kibofu peke yake. Inapita matumboni, inaua mikrobe zenye kusaidia, na inaacha zile zenye kujua kuikataa. Mutu anaharisha. Siku ambapo ana ugonjwa wa kweli, dawa ile haitafanya kitu. OMS, katika liste yake ya mwaka 2024, imetia jamaa ya E. coli yenye kukataa antibiotiki kubwa kati ya hatari za kwanza kabisa. Vidonge vinavyouzwa kimoja-kimoja kwenye meza ya soko, viwili leo, kimoja kesho kama pesa iko, ndiyo masomo tunayowapa mikrobe zetu ili zikomae.

Ndiyo maana chama cha wanganga wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani, katika kanuni zake za mwaka 2005 na tena za 2019, kinasema: mwanamuke kijana mwenye afya, asiye na mimba, asipimwe mukojo kutafuta bakteria kama haumwi, na zikikutwa asitibiwe. Nasi tunaona kwamba kanuni hiyo inafaa hapa kwetu kupita kule Marekani, kwa kuwa hapa pesa ya vidonge ni pesa ya minerval ao ya chakula.

Lakini kuna mutu mumoja ambaye kwake maneno haya yote yanageuka, naye ni mwanamuke mwenye mimba.

Wakati wa mimba, mwili unalegeza mirija inayotoa mukojo kwenye mafigo, na tumbo la uzazi linaikandamiza. Mukojo unatembea polepole, unalala njiani. Mikrobe ambayo ilikuwa inaogelea chini tu inapata ngazi ya kupanda. Wakati wa Kass na miaka iliyofuata, ilihesabiwa kwamba kati ya wanawake 100 wenye mimba na wenye bakteria, wasiotibiwa, 20 mupaka 35 wanaugua mafigo, na ugonjwa huo unaweza kuleta mutoto mbele ya wakati wake. Wakitibiwa, wanabaki 1 mupaka 4. Kazi ya Uholanzi ya mwaka 2015 ilikuta hatari ndogo zaidi, na wanganga bado wanabishana juu ya ukubwa wake. Hata hivyo OMS, katika maagizo yake ya mwaka 2016 juu ya wenye mimba, inaomba mukojo upimwe kwa kuotesha mikrobe; kama labo haina uwezo huo, kwa rangi ya Gram na mikroskopi; na mama anayekutwa na bakteria apewe antibiotiki siku 7, hata kama haumwi. Dawa ichaguliwe na munganga, kwa kuwa zingine zinamudhuru mutoto. Wapendwa walimu wenye bibi nyumbani, na ninyi wanafunzi wenye dada na shangazi wanaongoja mutoto, muwatume ku konsultasio. Dada mwenye mimba anayejificha juu ya haya ndiye mutu ambaye karatasi ya labo ingemusaidia kweli, na ndiye hapimwi. (Kuna tena mutu mwingine: anayengoja kupasuliwa ao kuingizwa vyombo katika njia ya mukojo vyenye kuumiza. Munganga wake atamupima mwenyewe.)

Na kama mutu anaumwa kweli? Hapo habari ni ingine, asikae nyumbani na gazeti letu mukononi. Kuchomwa wakati wa kukojoa, kwenda kila mara na kutoa matone tu, maumivu chini ya kitovu: hiyo ni infeksio ya kibofu, inatibiwa. Homa yenye kutetemeka, kutapika, maumivu ya mugongo upande mumoja: ni mafigo, aende ku hospitali siku ileile, hata usiku. Damu ndani ya mukojo inapashwa kutafutiwa sababu kila mara. Inaweza kuwa infeksio, lakini kwa mutu mwenye kuoga ndani ya mito na maziwa yenye konokono inaweza pia kuwa bilharzia, na dawa yake, praziquantel, si antibiotiki hata kidogo.

Tumepokea tena maulizo ndani ya sanduku la gazeti. Tunajibu yale matatu yanayogusa mambo haya.

"Karatasi yangu inasema leucocytes +, na mukojo una harufu. Si ni alama ya ugonjwa?" Peke yake, hapana. Wale leucocytes ndio maaskari weupe tuliosema. Wengi wenye bakteria bila dalili wanakuwa nao, na hawatibiwi juu ya hiyo. Harufu na rangi vinabadilika na chakula, na zaidi na maji: asiyekunywa maji anakojoa mukojo mweusi wenye harufu kali. Kunywa kwanza, angalia kesho.

"Ni kweli kwamba wasichana wanapata infeksio kwa kuchuchumaa juu ya choo kichafu?" Mikrobe inatoka matumboni mwa mutu mwenyewe, hairuki kutoka shimoni. Choo kibaya kinaumiza kwa njia ingine. Musichana anayekiogopa, ao anayekuta mulango haufungi, hakunywi maji tangu asubui na anafunga mukojo mupaka kurudi nyumbani. Kukojoa ndiyo fagio ya mwili, inafagia mikrobe mbele ya kuzaana. Mwaka 2018 kazi moja, ya Hooton yuleyule na wenzake, ilichukua wanawake 140 wenye kukunywa maji kidogo na wenye kurudiliwa na infeksio ya kibofu. Nusu yao waliongeza litre 1 na nusu ya maji kila siku. Kwa mwaka muzima waliugua karibu nusu ya mara za wenzao, bila dawa yoyote. Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa masomo, popote gazeti hili linafika, waangalie milango ya vyoo vya wasichana na komeo zake. Bei ya komeo ni ndogo kuliko ya sanduku moja la antibiotiki.

"Na sisi wavulana, jambo hili halituhusu?" Linawahusu kinyume. Kwa kijana mwanaume bakteria ndani ya mukojo ni jambo la haba sana. Ikikutwa, kwanza upimwe tena na chupa safi, ifike mapema. Ikiwa bado iko, nenda kwa munganga, si ku farmasi, atafute kama kuna kitu kinazuia mukojo, sawa na jiwe, ao kama njia yenyewe ina kasoro tangu kuzaliwa.